Fundi Tapeli wa Magari: Jikinge Kabla Boneti Haijafunguliwa

Mwenye Probox anaambiwa na fundi kwamba mkanda wa taiming umechakaa. Ukikatika barabarani, anaonywa, vali zitagonga pistoni na injini itakuwa ya kutupwa. Bei inatajwa, na kwa hofu ya kupoteza injini nzima analipa siku hiyo hiyo. Hajui kwamba injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye Probox na Fielder nyingi za barabara zetu, haina mkanda wa taiming. Ina mnyororo wa chuma unaozunguka ndani ya injini ukilainishwa na oili, na haupangiwi kilomita za kubadilishwa kama mkanda. Mteja huyo amelipia kitu ambacho gari lake halikuundwa nacho.

Utapeli wa gereji una sura nyingi, lakini mzizi wake ni mmoja: fundi anajua, mteja hajui, na baina yao hakuna kilichoandikwa. Pengo la ujuzi haliwezi kuzibwa kwa siku moja. Hakuna anayetarajia mwalimu, muuguzi au muuza mitumba aijue injini kama mtu aliyeisomea. Pengo la maandishi, kwa upande mwingine, linazibwa kwa dakika chache, tena kwa simu uliyo nayo mfukoni. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na gari ni miongoni mwa mali ghali zaidi ambazo wengi wetu humkabidhi mtu mwingine kwa maneno matupu.

Makala haya yanamlenga mwenye gari nchini Kenya: yanaeleza mbinu zinazotumika, namna ya kuzizuia, haki ambazo sheria imekupa, na hatua za kuchukua iwapo umekwisha kutapeliwa. Tuseme wazi tangu mwanzo kwamba mafundi waaminifu ni wengi, kwenye gereji kubwa na kwenye vibanda vya jua kali vilevile. Hao ndio wa kwanza kuumizwa na tapeli, kwa sababu bei yao ya haki huonekana ghali ikiwekwa kando ya bei ya uongo ya jirani. Mteja anayedai maandishi anawalinda na wao pia.

Mbinu zinazotumika sana

Ya kwanza ni kulipishwa kazi isiyofanywa. Filta ya oili inapanguswa kwa nje ikang'aa kama mpya, filta ya hewa inapulizwa vumbi na kurudishwa, plagi zinasuguliwa kwa msasa. Oili nayo hutozwa kwa kukisia. Injini ya 1NZ-FE huhitaji takriban lita 3.7 oili na filta zikibadilishwa pamoja, kwa hivyo galoni ya lita 4 inatosha na kubakisha kidogo. Ukiandikiwa lita 5, uliza lita iliyozidi imekwenda wapi. Kiwango cha injini yako kimo kwenye kitabu cha gari. Kijue kabla hujaenda.

Ya pili ni kizima kutolewa na kibovu kuwekwa. Betri uliyonunua mwezi uliopita inageuka kuukuu, nozeli zinabadilishwa, tairi la spea linazeeka ghafla. Kifaa kinachowindwa sana ni katalisti, ile sehemu ya bomba la moshi inayosafisha gesi chafu, kwa sababu ndani yake mna madini ya thamani: platinamu, paladiamu na rodiamu. Inakatwa, kipande cha bomba tupu kinachomelewa mahali pake, na mwenye gari anaondoka bila kujua. Gari likitoka gereji likinguruma kwa sauti mpya, moshi ukiwa na harufu kali, na taa ya injini ikiwaka baada ya siku chache, chungulia chini ya gari kabla ya kufanya lolote jingine.

Ya tatu ni kutishwa. "Bosi, hii injini imekwisha. Ukifika nayo Mlolongo ni bahati." Wengine hupaka oili kwenye shokabsoba iliyo nzima kisha wakakuita uione "inavyovuja". Shokabsoba inayovuja kweli huwa na vumbi lililogandamana na mafuta kwa wiki nyingi. Mafuta masafi yanayometameta juu ya chuma kikavu yamepakwa muda si mrefu.

Ya nne ni kazi inayozaana. Ulikwenda kwa ajili ya breki. Gari likishafunguliwa na magurudumu yakiwa chini, simu zinaanza: tumekuta bushi zimekufa, tumekuta beringi, tumekuta na giaboksi. Huenda ni kweli yote. Lakini gari lililofunguliwa haliondoki, na tapeli anajua kwamba mteja wa aina hiyo hana pa kwenda.

Ya tano ni risiti ya duka. Fundi anaelewana na muuza spea, bei inaandikwa juu kuliko iliyolipwa, na tofauti inagawanywa. Au anapewa risiti tupu aijaze mwenyewe njiani.

Kabla ya kukabidhi ufunguo

Eleza dalili, usitaje ugonjwa. Ukisema "nibadilishie plagi", fundi atabadilisha plagi, na tatizo likibaki atakuambia kwamba alifanya ulichoagiza. Sema gari linafanya nini, wakati gani, na tangu lini: "Linatetemeka likiwa limesimama kwenye taa, likishika mwendo linatulia, na taa ya injini imewaka tangu Jumatatu." Hapo wajibu wa kutafuta chanzo unabaki kwa fundi, ambaye ndiye unayemlipa kwa ujuzi huo.

Piga picha. Anza na dashibodi ikionyesha kilomita, kiwango cha petroli na taa zilizowaka. Fuata na betri pamoja na nambari zake, injini yote kutoka juu, matairi manne na la spea, jeki, redio, na bomba la moshi kwa chini ukiweza kulifikia. Spea ya bei ghali, kama oltaneta au betri, iwekee alama ndogo ya rangi ya kucha mahali pasipoonekana haraka, kisha uipige picha alama hiyo. Yote haya hayazidi dakika tano.

Toa ndani ya gari hati zote za umiliki, vyeti, na chochote cha thamani. Hati za umiliki hazina kazi yoyote gereji.

Kisha andika. Kama gereji haina fomu, tuma ujumbe wa simu ukiwa ungali pale pale mbele ya fundi. Unaweza kuuiga huu:

"Fundi, leo saa tatu asubuhi nimekuachia Probox yangu. Kilomita ni 148,220, petroli ni robo tangi. Tumekubaliana utafute chanzo cha mtetemo na unipe makadirio ya bei ya spea na ya ufundi kabla hujafungua wala kununua chochote. Spea kuukuu nitazichukua. Ukikuta tatizo jingine nipigie, kisha usubiri nikujibu kwa ujumbe kabla ya kuendelea. Tafadhali jibu kama umekubali."

Fundi mwaminifu atajibu "sawa" bila kusita. Anayekasirika kwa kuombwa neno hilo moja amekuambia jambo muhimu mapema, wakati ufunguo ungali mkononi mwako.

Kuhusu arubuni, toa ya spea peke yake, na ikiwezekana uilipe dukani moja kwa moja. Malipo ya ufundi yabaki hadi kazi ikamilike na uijaribu.

Mashine ya kompyuta haimalizi maneno

Siku hizi gereji nyingi zina kifaa cha kusoma hitilafu, na wateja wengi wakiona skrini hunyamaza. Elewa kifaa hicho kinafanya nini. Kinasoma nambari za hitilafu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari. Nambari hutaja dalili, na mara nyingi haitaji spea iliyoharibika.

Chukua P0171. Maana yake ni kwamba hewa imezidi petroli katika mchanganyiko unaochomwa. Chanzo kinaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya hewa iliyochafuka, au pampu ya petroli iliyochoka. Cha kwanza hutengenezwa kwa bei ya chini, cha mwisho kwa maelfu mengi. Au P0420, inayosema katalisti haisafishi moshi inavyopaswa: huenda katalisti imekufa, lakini huenda pia bomba linavuja au sensa ya oksijeni inadanganya. Fundi anayesoma nambari na papo hapo kukutajia spea ya kununua hajapima. Amebahatisha kwa pesa zako.

Kwa hivyo uliza maswali mawili. Nambari ni ipi? Na umepima nini kuthibitisha chanzo? Piga picha skrini kabla nambari hazijafutwa, maana zikifutwa taa huzimika na ushahidi hutoweka nazo, hata kama tatizo lingalipo.

Vipimo vingine unaweza kuvishuhudia mwenyewe. Ukiambiwa oltaneta imekufa, mwombe fundi aweke mita kwenye betri mbele yako. Betri iliyojaa, injini ikiwa imezimwa kwa muda, husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, magari mengi husoma kati ya volti 13.5 na 14.5. Mita ikionyesha 14.2, oltaneta inachaji, na swali linarudi kwa fundi. Ukiambiwa pedi za breki zimekwisha, gurudumu litolewe uone. Pedi mpya huwa na unene wa takriban milimita 10. Ikibaki milimita 3 wakati wa kubadilisha umefika. Diski ya breki nayo huandikwa kwenye chuma chake unene wa chini unaoruhusiwa, kwa hivyo kama imekwisha au bado, kipimo kitasema.

Kazi ikiwa kubwa, kama kufungua injini au giaboksi, tafuta macho mengine. Nenda kwa fundi wa pili asiyefahamiana na wa kwanza, au kwa shirika la AA Kenya ambalo hukagua magari. Jambo moja uzingatie: usimwambie wa pili alichosema wa kwanza. Mweleze dalili tu. Wawili wakifikia chanzo kile kile bila kuambizana, una sababu ya kuamini.

Spea: nani ananunua, na nini

Katika spea ndiko pesa nyingi hupotelea. Sokoni kuna aina tatu: spea halisi ya mtengenezaji wa gari, spea mpya ya kampuni nyingine, na spea iliyotumika, maarufu kama ex-Japan. Zote zina wateja wake, na yoyote kati yake inaweza kukufaa. Wizi huanza pale unapouziwa moja kwa jina na bei ya nyingine. Basi makadirio yataje aina ya kila spea, sio jina lake tu.

Spea nyingi zina nambari. Za Toyota, kwa mfano, kwa kawaida huwa na tarakimu na herufi 10 zilizogawanywa tano tano kwa kistari. Mwambie fundi akuandikie nambari ya spea anayoitaka, kisha chukua nambari ya chesisi ya gari lako na uulize bei mwenyewe, kwa simu au kwa miguu. Aliye Nairobi anaweza kupita barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan, akauliza maduka matatu kwa nusu saa na kurudi akiijua bei ya soko.

Risiti itoke dukani ikiwa na jina la duka, jina lako, nambari ya spea na bei. Dai ankara ya eTIMS ya Mamlaka ya Ushuru, KRA. Ankara hiyo ni ngumu kughushi kuliko kijikaratasi cha kujaza kwa kalamu, na siku ya mzozo ina uzito.

Kuhusu bidhaa ghushi, tahadhari zaidi kwenye breki, usukani na matairi. Filta ghushi itakugharimu pesa. Pedi ghushi za breki zinaweza kukugharimu maisha ukishuka Mazeras nyuma ya lori. Angalia kisanduku: maandishi yaliyofifia, herufi zilizokosewa, nambari ya kisanduku isiyolingana na iliyo kwenye spea yenyewe, bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine. Ukishuku, iripoti kwa Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2008, au kwa Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS.

Hapa wateja nasi tuna sehemu yetu. Anayembana fundi malipo ya ufundi hadi yasimtoshe hata nauli anamsukuma akatafute riziki yake ndani ya bei ya spea. Mlipe fundi ufundi wake waziwazi, kwa kiwango kinachoheshimu ujuzi, na mkubaliane kwamba spea ni kwa bei ya risiti.

Siku ya kuchukua gari

Nenda mchana, usiende magharibi kiza kikiingia. Fika na picha zako na zile jumbe.

Dai spea kuukuu zote na uzilinganishe na zilizowekwa. Pedi nne zilizotozwa zinapaswa kuwa pedi nne kuukuu mkononi. Kisanduku cha kila spea mpya nacho kiwepo.

Chomoa stiki ya oili, ifute kwa kitambaa cheupe, irudishe, kisha ichomoe tena. Kwenye injini ya petroli oili mpya huwa ya rangi ya asali na unaweza kuona chuma cha stiki kupitia kwayo. Usimhukumu kwa kipimo hiki fundi wa gari la dizeli: oili ya dizeli huwa nyeusi muda mfupi tu baada ya injini kuwashwa, hata kama imebadilishwa asubuhi ile.

Linganisha kilomita na petroli na picha ulizopiga. Kilomita mbili tatu za kujaribu gari ni kawaida. Kilomita 90 zimeenda kwenye shughuli za mtu.

Endesha gari pamoja na fundi akiwa kiti cha abiria, kwenye barabara ile ile inayoleta tatizo. Kama mtetemo ulikuwa ukitokea injini ikiwa moto, subiri ipate moto. Ukiridhika, chukua ankara inayotenganisha spea na ufundi, na ulipe kupitia nambari ya biashara, Till au Paybill, ili rekodi ibaki na jina la gereji.

Sheria imekupa nini

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, kupewa taarifa zinazohitajika, na kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro za bidhaa au huduma. Juu ya msingi huo ipo Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012, ambayo ina sehemu nzima kuhusu ukarabati wa magari. Wenye magari wachache wanaijua, na wanaoitumia ni wachache zaidi. Mambo makuu ni haya.

Makadirio kwanza. Fundi hana haki ya kukutoza kazi yoyote kabla ya kukupa makadirio ya gharama, isipokuwa pale ulipoyakataa mwenyewe na ukaidhinisha kiwango cha juu cha kulipa.

Asilimia 10. Akishatoa makadirio, hawezi kukutoza zaidi ya asilimia 10 juu yake. Aliyekadiria Sh20,000 mwisho wake ni Sh22,000. Kazi mpya inahitaji makadirio mapya na idhini yako.

Idhini. Kazi ambayo hukuidhinisha hulazimiki kuilipia. "Tumekuta na hii tukaitengeneza" si idhini.

Spea kuukuu. Fundi anapaswa kukurejeshea spea alizotoa, isipokuwa umemwambia huzihitaji, na anapaswa kuzitenga zisichanganyike na za magari mengine.

Dhamana. Spea mpya au zilizofanyiwa ukarabati, pamoja na ufundi wa kuzifunga, zina dhamana ya siku 90 au kilomita 5,000, kutegemea kitakachotangulia, mradi hukulitumia gari vibaya. Kibao cha gereji kinachosema pesa hazirudi hakiifuti dhamana hiyo.

Ukiwa umekwisha kutapeliwa

Tulia, na uache kila kitu kama kilivyo. Usimruhusu fundi yule yule aguse tena kabla hujapata ushahidi, na usiwape mafundi wengine watatu gari lile lile wakalifungua kila mmoja kwa namna yake. Kama tatizo linahusu breki, usukani au matairi, gari lisiendeshwe; livutwe.

Pata ripoti ya maandishi kutoka kwa fundi wa pili au shirika la ukaguzi. Iseme kilichokutwa, kilichodaiwa kufanywa ambacho hakikufanywa, na gharama ya kurekebisha. Iwe na tarehe, jina na sahihi.

Mwandikie mwenye gereji, wala si fundi peke yake. Taja tarehe, kiasi ulicholipa, kasoro na unachotaka: kazi irudiwe bure, spea irudishwe, au pesa zirejeshwe. Mpe muda, kwa mfano siku 14, na useme kwamba muda ukipita utakwenda Mahakama ya Madai Madogo. Migogoro mingi huishia hapa, kwa sababu mwenye gereji aliyezoea wateja wa kufoka anaona kwa mara ya kwanza mteja mwenye faili.

Asipojibu, nenda mahakamani kweli. Mahakama ya Madai Madogo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021, kisha ikafunguliwa katika miji mingine. Inasikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya mikataba ya huduma na uharibifu wa mali. Huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa. Picha, jumbe, risiti na ile ripoti ndizo zitakazokuzungumzia.

Kilichotokea kikiwa ni wizi, kama katalisti au betri iliyotolewa, piga ripoti polisi na uondoke na nambari ya OB. Vivyo hivyo ukiwa umelipia kwa kudanganywa kitu ambacho fundi alijua hakipo: kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu. Gereji yenye mazoea ya kupotosha wateja inaweza kulalamikiwa pia kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo chini ya Sheria ya Ushindani ya 2010 ina jukumu la kulinda watumiaji.

Ugumu hutokea fundi anapolishikilia gari hadi alipwe. Fundi aliyefanya kazi ana haki ya kushikilia mali hadi apate malipo yake halali, kwa hivyo kulitwaa gari kwa nguvu au usiku kunaweza kukugeuza wewe mkosaji. Ukilihitaji gari kwa haraka, lipa kiasi kinachobishaniwa huku ukiandika kwenye ankara au kwa ujumbe kwamba unalipa kwa kupinga, kisha udai mahakamani. Na usilisuse gari kwa hasira. Sheria ya Uuzaji wa Mali Isiyochukuliwa, Sura ya 38, humruhusu mwenye karakana kuuza mali iliyotelekezwa baada ya kufuata taratibu za notisi.

Yapo mambo matatu ya kuepuka kabisa. Usipige kelele za "mwizi!" gerejini. Tumeona watu wakiuawa na umati kwa neno hilo, na hakuna spea yenye thamani ya roho ya mtu. Usimtishe fundi wala kumtumia askari unayemjua "amshike kidogo". Ukifanya hivyo kesi yako nzuri inakuwa mbaya. Na usichapishe picha na jina lake mtandaoni ukimwita tapeli kabla ya kuthibitisha, maana anaweza kukushtaki kwa kumharibia jina, na ukajikuta ukijitetea badala ya kudai.

Kumpata fundi wa kudumu

Kinga bora ni kutomtafuta fundi siku gari limekufa. Mtafute likiwa zima. Mpe kazi ndogo kwanza, kama kubadilisha oili, na umpime kwa mambo haya: alikupa bei kabla ya kuanza? Alikurudishia filta kuukuu bila kuombwa? Alikubali usimame karibu ukitazama? Alipokosea alisema? Uliza kama ana cheti cha majaribio ya ufundi kutoka NITA, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, lakini usimdharau asiye nacho kama kazi yake na karatasi zake ni safi. Waulize wenye magari ya aina yako. Madereva wa teksi na matatu, ambao gari likilala nao wanalala njaa, huwajua mafundi wa kweli wa mtaa.

Ukishampata, usiache maandishi kwa sababu mmezoeana. Weka daftari moja la gari, au faili moja kwenye simu: tarehe, kilomita, kilichofanywa, nambari ya spea, bei, dhamana inaisha lini. Daftari hilo litakuonyesha pedi zilizokwisha mapema kuliko kawaida, betri ambayo bado ina dhamana, na kazi uliyolipia mara mbili. Siku ya kuliuza gari litakuongezea bei.

Sheria ya 2012 haina mkaguzi anayepita gereji baada ya gereji kuuliza kama umepewa makadirio. Inafanya kazi pale mwenye gari anaposimama na kusema: fundi, nipe makadirio kwanza, na spea kuukuu nitaondoka nazo. Wateja wakiwa wengi wa kusema hivyo, tapeli atakosa wa kumla, na fundi mwaminifu atapata kazi kwa bei anayostahili. Huduma yako ijayo ya gari ianze kwa sentensi hiyo.